Zoea mwenye nywele nane za kuogelea katika chombo cha kaa buibui: ni hatua ya tatu au ni mgeni?

Mfugaji_Gamba (mwuliza swali)

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Ninaomba msaada katika jambo lililonisimamishia kazi kwa siku tatu sasa. Ninafuga maabarani viluwiluwi wa kaa buibui wa spishi ya Maja brachydactyla, kwa nia ya kueleza umbo la kila hatua ya ukuaji na kuandaa ufunguo wa kuwatambua wanapopatikana katika planktoni. Kaa jike nilimpokea akiwa na mayai ya rangi ya chungwa, nikamweka peke yake katika tangi, na kila asubuhi nikawa ninayatazama mayai yakigeuka taratibu kuwa ya hudhurungi, mpaka macho meusi ya viluwiluwi yakaonekana ndani ya ganda. Walianguliwa usiku. Alfajiri niliwasha taa upande mmoja wa tangi, wakajikusanya kwenye mwanga kama vumbi linaloelea, nikawachota wale waliokuwa na nguvu.

Niliwagawa mafungu mawili. Viluwiluwi 48 niliwaweka kila mmoja katika kikombe chake, na wengine wapatao 300 niliwaweka pamoja katika chombo cha lita 10. Wote niliwatunza katika nyuzi 18 za Selsiasi, nikiwabadilishia maji kila siku na kuwalisha viluwiluwi vya Artemia, yaani vijikamba vidogo vya maji ya chumvi, vilivyototolewa siku hiyo hiyo. Kila siku nilitoa pia 20 kutoka katika chombo cha pamoja na kuwahifadhi ndani ya ethanoli.

Mambo yalikwenda kama nilivyotarajia. Zoea wa kwanza (zoea ni kiluwiluwi mchanga wa kaa, anayeogelea) walijivua gamba siku ya nne na ya tano, na zoea wa pili wakageuka kuwa megalopa, yaani hatua ya mwisho kabla ya kaa mdogo, kuanzia siku ya nane hadi ya kumi. Siku ya 13, nilipokuwa nikiwahamisha megalopa kutoka katika chombo cha pamoja, nilikuta zoea 11 wangali wakiogelea. Niliwaweka watatu chini ya hadubini, na nywele za kuogelea zilizo kwenye ncha ya tawi la nje la mguu-taya wa kwanza zilikuwa nane, si sita. Nilihesabu mara nne, upande wa kulia na wa kushoto. Wana mwiba wa mgongoni, mwiba wa mbele na miiba miwili ya ubavuni, sawasawa na zoea wangu wengine, na ndiyo sababu sikuwashuku mapema.

Je, inawezekana kaa buibui akawa na hatua ya tatu ya zoea pale anapokosa chakula cha kutosha au anaposongamana na wenzake? Au nilikosea kumtambua mama? Nimekwisha kuandika katika daftari langu maneno «huenda kuna hatua ya tatu», na ninaogopa kuyafikisha kwenye makala kabla sijapata uhakika.

---

Bi_Hadubini

Ndugu Mfugaji, umefanya vema kuuliza kabla ya kuandika, na umefanya vema zaidi kuhifadhi sampuli za kila siku, kwa sababu jibu lako limo ndani ya chupa hizo.

Nianze na lililo imara. Familia kuu ya Majoidea, ambamo kaa buibui wote wamo, hutambulika kwa kuwa na hatua mbili tu za zoea na moja ya megalopa. Kaa wa makundi mengine wengi hupitia hatua nne, tano au zaidi za zoea, na baadhi yao huongeza hatua moja pale joto au chakula kinapokuwa kibaya. Kaa buibui hafanyi hivyo. Zipo spishi chache zilizofupisha safari hiyo na kuangua watoto waliokwisha kukomaa, lakini kwenda upande wa pili, yaani kuongeza zoea wa tatu, si tabia ya kundi hili. Kiluwiluwi wa kaa buibui aliyekosa chakula huchelewa kujivua gamba, na hatimaye hufa katika hatua ile ile aliyokwama. Njaa haimwongezei nywele.

Na nywele hizo ndizo zinazokupa jibu la haraka. Kwa kaa kwa jumla, zoea wa kwanza ana nywele nne za kuogelea kwenye tawi la nje la mguu-taya, wa pili ana sita, na wa tatu kwa kawaida ana nane. Kwa hiyo hao watatu uliowaona ni zoea wa hatua ya tatu kweli, kwa maana ya kaa ambaye anayo hatua ya tatu. Kwa maoni yangu hao ni wageni walioingia chomboni, na miiba minne ya gamba imekupotosha kwa kuwa si mali ya Maja peke yake. Kaa wanaoogelea wa familia ya Portunidae nao huwa na mwiba wa mgongoni, wa mbele na wa ubavuni katika hatua ya zoea.

Ninakuomba ufanye uchunguzi wa mambo mawili.

La kwanza ni kuwageuza hao wenye nywele nane ubavu na kutazama tumbo lao. Zoea wa pili wa kaa buibui yuko hatua moja tu kabla ya kuwa megalopa, hivyo mwili wake umekwisha kujiandaa: chini ya pingili za tumbo huning'inia vichipukizi virefu vya miguu ya tumboni, na ukitazama chini ya ukingo wa gamba utaona koleo na miguu ya kutembelea imekunjwa na kubanana kama vidole ndani ya ngumi. Mgeni aliye katika hatua ya tatu huku akiwa bado na hatua nyingine mbele yake, vichipukizi vyake vitakuwa vidogo mno au havitakuwapo. Ukikuta zoea mwenye nywele nane na tumbo tupu, hakuna namna ya kumpachika katika Majoidea.

La pili linahitaji subira zaidi, lakini ndilo ninalolipenda kwa sababu hukuwezesha kumkamata mgeni tangu hatua ya kwanza. Fungua chupa za siku tatu za mwanzo, uchomoe maksila, yaani kiungo kidogo cha mdomoni, na utazame kikasia chake, yaani kile kibamba kinachosukuma maji kwenye matamvua. Kwa zoea wa kwanza wa kaa buibui, ukingo wa kikasia una nywele tisa au zaidi zenye vinyoya, zimepangana hadi nyuma. Kwa kaa wengi wa makundi mengine katika hatua hiyo hiyo utaona nywele chache, mara nyingi nne, na upande wa nyuma kikasia kimechongoka na kuwa ncha moja ndefu. Tofauti hii mtafiti A. L. Rice aliieleza vizuri mwaka 1980 alipopitia umbo la zoea wa kaa kwa jumla, na kila ninapofundisha wanafunzi huanza nayo. Angalia tu usiitumie kwa hatua za baadaye, kwa maana kadiri zoea yeyote anavyokua nywele za kikasia huongezeka, na zoea wa tatu wa kaa mwingine anaweza kukudanganya.

Ili kuchomoa maksila bila kuichana, uloweke sampuli katika asidi ya laktiki mpaka nyama ilainike na kung'aa, kisha utumie sindano mbili nyembamba za tungsteni ndani ya tone la gliseroli. Magamba yaliyovuliwa ni bora kuliko mwili wenyewe kwa kazi hii, kwa sababu hayana nyama ya kuziba mwanga, na kila unywele huonekana hadi mzizi wake. Kama uliyatupa, usirudie kufanya hivyo.

Kuhusu mama, sidhani kama ulikosea. Hata ungekuwa umemchanganya na kaa buibui wa jenasi nyingine, bado zoea wangekuwa wa hatua mbili, na miiba ingekuonya mara moja: zoea wa Inachus na Macropodia wana mwiba wa mgongoni lakini hawana mwiba wa mbele, na wale wa Pisa wana wa mgongoni na wa mbele bila wa ubavuni. Hyas anayo miiba yote, mirefu kweli kweli, lakini mama zao hawafanani na Maja hata kidogo.

---

Mzee_wa_Matangi

Mwanangu Mfugaji, mimi ni fundi wa maji zaidi kuliko wa hadubini, kwa hiyo ninauliza la kwangu: maji ya kubadilishia uliyachuja kwa kitu gani, na je, maji ya vikombe na maji ya chombo kikubwa yalipitia njia moja?

Ninauliza kwa sababu mwaka fulani nilipoteza msimu mzima wa ufugaji kwa kosa la namna hii. Maji yalikuwa yakitoka baharini na kupita katika wavu wenye matundu ya mikromita 500, nami niliamini kuwa wavu huo unatosha kwa kuwa ulikuwa ukizuia kila kitu nilichoweza kukiona kwa macho. Zoea aliyetoka tu kuanguliwa ni mwembamba, mwili wake hupenya tundu la ukubwa huo akijipinda, na miiba yake ni laini bado. Tangu hapo maji yote ya viluwiluwi huyapitisha katika vichujio viwili, cha mikromita 5 na kisha cha mikromita 1, na mwisho chini ya taa ya miali ya urujuanimno. Pia tangi la mama nalo liangaliwe. Kaa buibui hubeba mwani na sponji mgongoni, na ndani ya pambo hilo huishi viumbe wengi wadogo, wakiwamo kaa wengine wenye mayai yao.

---

Mfugaji_Gamba

Ninawashukuru sana, Bi Hadubini na Mzee wangu. Nimefanya mliyoniagiza na ninaleta majibu.

Zoea wale wenye nywele nane nimewageuza ubavu wote 11. Tumbo lao halina vichipukizi vyovyote ninavyoweza kuviita vichipukizi. Kwa wawili kuna vivimbe vidogo tu kwenye pingili. Nikawalinganisha na zoea wa pili niliowahifadhi siku ya saba, na tofauti ilikuwa dhahiri kiasi kwamba niliona aibu kwa kutoitazama mapema: kwa wale wa siku ya saba, vichipukizi vinaning'inia hadi kufikia pingili inayofuata, na koleo zinaonekana chini ya gamba. Jambo jingine nililoliona ni kwenye mkia. Zoea wangu wa hatua zote mbili wana nywele tatu kila upande katikati ya panda za telsoni, yaani kibamba cha mwisho cha mkia. Wale 11 wana nne kila upande.

Kisha nilifungua chupa za mwanzo. Katika sampuli ya siku ya kwanza, zoea wote 20 wana kikasia chenye nywele tisa au kumi. Siku ya pili hali ni hiyo hiyo. Katika sampuli ya siku ya tatu, 19 ni wa kwangu, na wa 20 ana kikasia chenye nywele nne na ncha ndefu iliyochongoka nyuma. Nilikaa nikimtazama kwa muda mrefu. Amekuwa ndani ya chupa hiyo siku zote nilipokuwa nikisumbuka.

Mzee, umegonga penyewe. Maji ya vikombe niliyachukua kutoka katika dumu lililochujwa kwa kichujio cha mikromita 1, lakini siku ya pili jioni dumu liliisha, na maji ya kubadilishia chombo kikubwa niliyachukua moja kwa moja kwenye bomba, ambako kuna wavu wa mikromita 500 tu. Niliandika jambo hilo daftarini kwa mstari mmoja na sikulikumbuka tena. Katika vikombe 48, viluwiluwi 31 walifikia megalopa, na hakuna hata mmoja aliyejivua gamba mara tatu akiwa bado zoea. Magamba yao ninayo yote, moja moja, katika vichupa vyenye namba za vikombe.

Sasa linabaki swali la makala. Je, nitupe data yote ya chombo cha pamoja, au kuna sehemu ninayoweza kuiokoa? Kwa vipimo vya urefu wa gamba nilikuwa nikiwategemea sana hao, kwa sababu ni wengi. Vilevile megalopa wapatao 140 wametoka katika chombo hicho, na sijui nitathibitishaje kuwa wote ni wa mama mmoja.

---

Slaidi_na_Kalamu

Ndugu Mfugaji, ningependa kuongezea kwenye hili la makala, kwa sababu mimi hupitia maelezo ya viluwiluwi mara kwa mara na kosa hili si lako peke yako. Kazi yetu yote ilianza kwa kuchanganyikiwa kuhusu nani ni mtoto wa nani. Mwanzoni mwa karne ya 19, Zoea na Megalopa yalikuwa majina ya jenasi mbili zilizodhaniwa kuwa za wanyama wazima, mpaka John Vaughan Thompson, akiwa Ayalandi mwishoni mwa miaka ya 1820, alipoona zoea wakitoka katika mayai ya kaa. Thamani ya ufugaji wa maabarani ni hiyo tu: mama anajulikana. Uzi huo ukikatika hata kwa saa moja, sampuli yako inakuwa sawa na sampuli ya planktoni, ila imetunzwa vizuri zaidi.

Kwa hiyo ushauri wangu ni mkali kidogo. Michoro na hesabu ya nywele za kila kiungo vitoke katika vikombe pekee. Kwa kila hatua pasua viluwiluwi wasiopungua 10, na pale nywele zinapotofautiana kati ya mmoja na mwingine, andika kiwango chote badala ya idadi moja. Sampuli za chombo cha pamoja za siku ya kwanza na ya pili ni salama, maana zilitangulia maji ya bombani, nawe umekwisha kuthibitisha kwa kikasia. Hizo zitumie kwa vipimo vya zoea wa kwanza bila wasiwasi. Zoea wa pili wa chombo hicho unaweza kuwapima iwapo utakagua kila mmoja na kuona nywele sita pamoja na vichipukizi virefu. Mgeni wa hatua ya pili angekuwa na nywele sita pia, lakini tumbo lake lingemfichua.

Kuhusu megalopa, hesabu ya siku inakutetea. Mgeni aliyeingia siku ya pili, na ambaye siku ya 13 yuko hatua ya tatu, hawezi kuwa na ndugu aliyekwisha kuwa megalopa siku ya tisa. Hata hivyo, maji ya bahari huweza kuleta mgeni wa umri wowote, kwa hiyo usitegemee hoja hiyo peke yake. Chukua megalopa wachache wa chombo cha pamoja, wachache wa vikombe, wale wenye nywele nane, na kipande cha mguu wa mama, usome vinasaba vya kila mmoja kwa kipande cha jeni ya COI chenye herufi 658 ambacho hutumika kutambulisha wanyama. Ni vizuri kwamba ulihifadhi kwa ethanoli. Ungetumia fomalini, umbo lingebaki zuri lakini vinasaba vingeharibika. Kipande hicho cha COI kitakupa pia jina la mgeni, au angalau la familia yake.

Kuna jambo jingine ningekuomba uliandike, ingawa hukuliuliza. Viluwiluwi waliofugwa hupinda miiba. Mwiba wa mgongoni uliogusa ukuta wa kikombe wakati gamba jipya lingali laini hukauka ukiwa umejikunja, na nimeona michoro ambamo mkunjo huo umeonyeshwa kana kwamba ni sifa ya spishi. Kama una hata zoea watano wa Maja kutoka katika planktoni, wapime kando ya wa kwako.

Na kuhusu lile swali lako la mwanzo la chakula, usilitupe kabisa. Mtafiti Klaus Anger na wenzake, walipowafuga Hyas araneus katika kisiwa cha Helgoland nchini Ujerumani, walionyesha kwamba zoea akila vya kutosha katika sehemu ya mwanzo ya hatua yake, anaweza kuimaliza hatua hiyo na kujivua gamba hata chakula kikikatika, ilhali akikosa chakula mwanzoni kwa muda uliopita kikomo, hapati nafuu hata akilishwa baadaye. Kwa hiyo vikombe 17 ambavyo viluwiluwi wake hawakufika megalopa vitazame tena: walikufa siku gani, na siku ya kwanza walilishwa saa ngapi baada ya kuanguliwa?

---

Mfugaji_Gamba

Ndugu Slaidi, nimeangalia. Kati ya hao 17, 12 walikufa siku ya tano na ya sita wakiwa bado zoea wa kwanza, na wote 12 wamo katika safu mbili za mwisho za vikombe. Siku ya kuanguliwa nilianza kulisha asubuhi katika safu ya kwanza, Artemia wakanipungukia, na safu hizo mbili zilipata chakula kesho yake mchana. Sikuwa nimeunganisha mambo hayo mawili.

Vipande vya vinasaba nimevikata leo: mguu wa mama, megalopa sita wa chombo cha pamoja, sita wa vikombe, na wageni wanne. Wageni saba waliobaki nimewahamishia katika kikombe chao, wakiwa hai, nikiwalisha na kuhifadhi magamba yao, na mmoja asubuhi hii amejivua na ana nywele kumi. Megalopa wa vikombe nao wameanza kutua, na wawili wamekwisha kuwa kaa wadogo. Niliwatupia kipande cha mwani laini, na mmoja, ambaye gamba lake halifiki hata milimita mbili, alikata uzi wa mwani kwa koleo, akautafuna ncha, kisha akaupachika juu ya pua yake.

---

Bi_Hadubini

Nywele kumi ni hatua ya nne, Ndugu Mfugaji, kwa hiyo huyo endelea naye hadi megalopa. Huenda ukawa na makala ya pili. Kaa wako mdogo mchore kabla hajajifunika zaidi, hasa zile nywele zenye ndoano anazopachikia mwani, na uwatenganishe na megalopa waliobaki leo hii, kwa sababu kaa wadogo huwala megalopa.